Kilomita ya thelathini na moja

Mama hakuwahi kuielewa kazi yangu. Jumapili akitoka kanisani alipitia kwa jirani mwenye televisheni ya dishi, akavuta kiti, akanitafuta kwenye kundi la mbele la mbio za Ulaya. Hakupata shida kuniona. Nilikuwa mbele ya wote, mbele hata ya watu ambao picha zao zimebandikwa kwenye kuta za hoteli zetu hapa Iten, mji wetu wa wakimbiaji Kenya. Halafu kamera ikihama kidogo na kurudi, simo. Jioni nikimpigia simu swali lilikuwa lile lile: "Leo tena umetoka. Ni tumbo?" Nikimweleza kwamba ninalipwa ili nitoke, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Nilikuwa sungura. Wengine husema peisa. Ni mkimbiaji anayekodiwa na waandaaji wa mbio awavute wenzake kwa kasi iliyopangwa, awakinge upepo, awafikishe mahali fulani, kisha apishe. Mahali pangu palikuwa kilomita ya thelathini. Kwa miaka tisa nilianza marathoni zaidi ya ishirini na sikumaliza hata moja, na vijana wa kambini wakanipa jina ambalo hadi leo nalisikia nikipita sokoni: Thelathini.

Kabla hujanicheka, jaribu. Unaambiwa dakika tatu na sekunde mbili kwa kila kilomita. Si tatu kamili, maana ukiwachoma mapema watakufa kilomita ya thelathini na tano na mwenye mbio hatakuita tena. Si tatu na tano, maana bingwa aliye mgongoni mwako ataanza kukufokea. Tatu na mbili kwenye mteremko, tatu na mbili kwenye kona, tatu na mbili juu ya mawe ya mji wa kale yaliyolowa umande. Mwaka wa kwanza nilitazama saa kila baada ya mita mia mbili. Kufikia mwaka wa nne saa nilivaa kama pambo tu. Kasi niliisikia kwenye pumzi yangu, na zaidi kwenye vishindo vya walio nyuma. Kundi likiwa sawa, miguu yao hulia kama mvua juu ya mabati. Mmoja akianza kuchoka, mvua inapata tundu. Ukilisikia tundu hilo unajua kabla ya mtangazaji, kabla ya kocha wake, pengine kabla yake mwenyewe.

Halafu kibao cha 30 hicho. Unahamia pembeni, unapunguza, wanakupita. Hakuna anayekutazama, na si kwa ubaya. Mtu akiwa kilomita ya thelathini hana jicho la kupoteza. Kelele za watazamaji zinaondoka nao. Unabaki kando ya barabara ya ugenini na kaptura yako, jasho linaanza kupoa, na mzee fulani wa kujitolea anakufunika karatasi ya plastiki akidhani umeumia. Kisha linakuja basi dogo la kuwazoa walioshindwa. Nilikuwa napanda, nakaa nao. Ndani ya basi lile hakuna anayemuuliza mwenzake.

Watu hupenda kuniuliza mbona sikuendelea tu siku moja. Historia wanaijua: Simon Biwott aliingia Berlin mwaka 2000 kama sungura akaondoka bingwa. Mwaka uliofuata Ben Kimondiu akafanya vivyo hivyo Chicago, akimwacha Paul Tergat kwa sekunde chache. Na Berlin mwaka 2003, siku Tergat alipoweka rekodi ya dunia ya 2:04:55, aliyemfuata sekunde moja tu nyuma alikuwa Sammy Korir, ambaye naye alikuwa ameletwa kuweka kasi. Jibu langu hubadilika kulingana na anayeuliza. La kweli ni kwamba kuna siku miguu ilikuwa mizuri. Nilifika kwenye kibao sijaanza hata kuhema, na bingwa niliyemvuta mvua yake ilikuwa na tundu. Nilijua hafiki. Lakini mkataba ulisema pale, nikapisha pale. Hela ya siku ile nilinunulia ng'ombe wawili wa maziwa, na ng'ombe sijawahi kuwajutia.

Mwaka 2018 kano ya kisigino cha kushoto ilikataa. Ningependa kusema nilistaafu, lakini neno hilo ni la watu waliofanyiwa sherehe. Kwetu sisi wa daraja la chini simu inaacha tu kulia. Meneja niliyekuwa naye, ambaye simtaji, hajanilipa mbio mbili za mwisho mpaka leo, na alipoacha kupokea simu zangu ndipo nilipojua kwamba nimeshastaafu.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, ng'ombe sita, nyumba ya mawe, mke mwenye duka. Kwa mtu anayetazama kutoka barabarani nilikuwa nimefaulu. Shida ilikuwa hiyo barabara. Nyumba yangu imekaa karibu na njia ya murram ambayo makundi hupita kila alfajiri, na saa kumi na mbili kasorobo walipita, thelathini, arobaini, wakati mwingine mia, na mimi nimelala nawasikiliza. Mvua juu ya mabati. Nilikuwa nawapigia hesabu kitandani: hawa wanakwenda nne na ishirini, hawa wa pili wamechelewa, huyu wa mwisho ana kiatu kilichoachia soli. Mke wangu akaniambia siku moja, bila kugeuka, "Baba, kama huwezi kulala, amka ukakamue." Nikaamka nikakamua. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo ilikuwa programu yangu ya mazoezi.

Kuna Jumamosi moja katika miaka hiyo ambayo sijaisahau. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni Vienna kwa 1:59:40. Nilikuwa hotelini, chai na chapati mezani, watu wamejaa hadi mlangoni. Wote walimtazama yeye. Mimi niliwatazama wale arobaini na mmoja waliomvuta. Waliingia kwa zamu, watano mbele wamefungua kama mdomo wa faneli, wawili nyuma, na gari likiwamulikia mistari barabarani. Mle ndani alikuwemo Bernard Lagat, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 1500 na mita 5000 katika mashindano yale yale ya Osaka mwaka 2007, akifanya kazi yangu. Nikaikumbuka hadithi ya nyanya yangu, ya sungura kushindana na kobe. Sijui nyinyi mlihadithiwa vipi. Katika ile ya kwetu kobe hakushinda kwa subira. Aliwapanga ndugu zake njiani, kila sungura akifika mahali anakuta kobe mwingine asiyechoka ametangulia. Sasa hapa kobe arobaini na mmoja, na ndiyo maana muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi. Karibu na mwisho wakapunguza, wakamwachia Kipchoge barabara yake, wakaja nyuma wakirusha mikono na kucheka kama watoto waliotoka shule. Hotelini watu walipanda juu ya viti. Mimi nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu.

Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, kambi nazo zikafungwa, wazungu wakaondoka na makundi yakavunjika. Alfajiri barabara ikawa kimya. Ungedhani nitalala. Sikulala hata kidogo. Nilikaa macho nikisubiri kitu ambacho hakiji.

Baada ya wiki mbili tatu hivi nikasikia miguu. Watu wawili, na mwendo wao haukuwa wa akili. Mmoja alikuwa mzito, hatua ndefu, za mtu anayejua kukimbia lakini anazibana. Mwingine mwepesi, anaparaza, hatua mbili kwa moja ya mwenzake. Walipita, wakarudi, wakapita tena. Siku ya tatu sikuvumilia. Nilitoka na ndoo ya maziwa mkononi nikamwona mwanamume mrefu wa miaka kama ishirini na minane, amemshika mkono msichana wa miaka kumi na mbili aliyevaa viatu vya shule. Wanakimbia. Msichana ameshachoka hoi, na kila baada ya hatua kadhaa anasema, "Mjomba, jiwe. Mjomba, tena jiwe."

Nilisema, kama mtu anayemwona mgeni akikamua ng'ombe upande usiofaa, "Huyo mtoto anakuharibia hatua."

Yule mwanamume akasimama, akageuza uso karibu kunifikia. "Na wewe ni nani?"

"Wananiita Thelathini."

Akacheka. "Yule wa kutoka? Basi nitakupata wapi, mzee, nusu ya njia?"

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mwalimu. Nitamwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake: anafundisha historia na Kiswahili. Surua ilimpofusha akiwa na miaka mitano. Alisoma Thika, kwenye shule ya wasioona, na huko ndiko alikoanza kukimbia. Yeye mwenyewe hana haja na neno "asiyeona". Anasema kipofu, na ukijaribu kulizunguka anakuuliza unaogopa nini. Aliyekuwa akimwongoza alikuwa amekwama kwao, mbali, safari zimezuiwa, na Mwalimu alikuwa amerudi nyumbani kwa dada yake na kubaki na mpwa wake wa viatu vya shule.

Nilisema nitamsaidia wiki moja, mpaka mambo yafunguke. Jirani aliyesikia kwamba nimekuwa guide, yaani mwongozaji, akaenda kusimulia kilabuni kwamba nimekuwa gaidi, na ilibidi chifu mdogo aje kuuliza. Alikunywa chai, akaondoka ameridhika.

Kinachotuunganisha ni kamba ya kiatu. Ni ya kiatu changu cha mwisho cha mashindano, nyeupe zamani, siku hizi rangi ya murram. Nimeikunja mara mbili na kufunga vitanzi viwili, kimoja chake cha mkono wa kulia, kimoja changu cha kushoto. Mikono inakwenda pamoja, na miguu pia: mguu wake wa kulia unatua na wangu wa kushoto, kama mtu na kioo. Nilidhani nitaiweza kwa siku moja. Kazi yangu yote maishani ilikuwa kuusikia mguu wa mwingine, si ndiyo? Lakini nilikuwa nimezoea watu wanaonifuata. Huyu hanifuati, yuko ubavuni, na ukimvuta hata kidogo umemwangusha.

Nilimwangusha. Siku ya nne, njia ya kuelekea ukingo wa bonde la Kerio, mtu alikuwa amemfunga ng'ombe upande mmoja wa barabara na ng'ombe akavuka na kamba yake. Nikairuka. Kwa miguu yangu niliiruka vizuri sana. Neno sikusema. Mwalimu alipigwa na ile kamba kwenye muundi akaenda chini kwa mikono yote miwili, nami juu yake, na ng'ombe akatutazama. Viganja vyake vilikuwa vimechunika, changarawe imeingia. Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaniona na mimi naiona?"

Sikuwa na jibu. Miaka tisa nimelipwa kukimbia kimya. Sungura haongei, ukiongea unapoteza hewa na unawachokoza wenye mbio. Sasa natakiwa niseme kila kitu na niseme mapema: shimo kulia, hatua tatu, tuta, mteremko unaanza, boda inakuja na taa moja, watoto, watataka kukushika mkono. Asubuhi za kwanza nilirudi nyumbani koo limekauka kuliko miguu ilivyochoka. Nikajaribu pia kumweleza jua linavyotoka upande wa bonde, ukungu na kadhalika. "Usinipambie," alisema. "Niambie mashimo."

Korona ilipopungua, mwongozaji wake wa zamani hakurudi. Ile wiki moja yangu ilikuwa imefika miezi saba.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kazi yangu ina wazee wake. Anafundisha historia kweli, na akiwa kwenye kilomita nyepesi hawezi kunyamaza. Yeye ndiye aliyenisimulia Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Mkenya Ben Jipcho alivyojitoa mhanga kwenye fainali ya mita 1500, akavuta mzunguko wa kwanza kwa kasi ya wazimu ili Mkenya mwenzake Kipchoge Keino amkimbie Mmarekani Jim Ryun. Keino akapata dhahabu, Jipcho akamaliza wa kumi. "Lakini alimaliza," Mwalimu akaongeza, kwa sauti ile ya darasani. Christchurch mwaka 1974 Jipcho huyo huyo alichukua dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, na shaba ya mita 1500 katika mbio ambazo Filbert Bayi wa Tanzania alitoka mbele tangu mwanzo, hana wa kumvuta, akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Bayi alikuwa sungura wa nafsi yake. Leo ana shule kule Kimara na Kibaha, jambo ambalo Mwalimu hulitaja kila mara kana kwamba ana hisa.

Anayempenda kuliko wote ni Chris Brasher, Mwingereza mwenye miwani. Mei 6, 1954, Oxford, Brasher ndiye aliyeivuta nusu ya kwanza ya maili ya Roger Bannister, ile ya 3:59.4, ya kwanza chini ya dakika nne. Dunia ikamkumbuka Bannister. Brasher baadaye, pamoja na John Disley, ndiye aliyeanzisha Marathoni ya London, ikakimbiwa mara ya kwanza Machi 29, 1981. Kwa hiyo moja ya mbio ambazo zimewalisha masungura wengi wa Iten, sungura ndiye aliyezianzisha. Na siku ile ya kwanza waliokuwa mbele, Mmarekani Dick Beardsley na Mnorwe Inge Simonsen, walifika mwisho wameshikana mikono, wakaandikwa washindi wote wawili. "Bila kamba," Mwalimu akasema.

Na Henry Wanyoike, bila shaka. Hakuna kipofu anayekimbia Kenya ambaye hamsimulii Wanyoike. Alipoteza macho mwaka 1995, akiwa kijana, kwa kiharusi cha usiku mmoja. Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mita 5000, mwongozaji wake alikuwa na malaria, akaishiwa nguvu kabla ya mstari, na Wanyoike, asiyeona kitu, akawa ndiye anayemkokota anayeona hadi wakashinda. Mwalimu alinisimulia hadithi hiyo wiki ileile tuliyokutana. Sikuielewa kama onyo.

Mwaka 2022 tukaingia marathoni moja ya hapa nyumbani. Kisigino changu kingebeba nusu, si zaidi, na sheria inaruhusu waongozaji wawili kwa mbio ndefu, basi tukapanga: mimi hadi kilomita ya ishirini, kisha kijana mmoja wa kambini anapokea kamba. Mpango mzuri kabisa. Ulinifaa pia kwa sababu nyingine ambayo sikuisema kwa mtu.

Tulikwenda nne na kumi, saa ya mkononi nimeiacha nyumbani makusudi. Kilomita ya ishirini yule kijana hakuwepo. Barabara zilikuwa zimefungwa na boda aliyoipanda ilizuiwa na polisi upande wa pili wa mji. Hayo tuliyajua jioni. Nilimwambia Mwalimu. Akasema, "Basi twende mpaka atakapotokea." Tukaenda. Ishirini na tatu, hayupo. Ishirini na saba, nikaacha kumtafuta.

Kibao cha 30 nilikiona kwa mbali kama mtu anavyoiona nyumba yao. Sikuamua kitu. Miguu ndiyo iliyoamua, kama punda anayejua mahali pa kugeukia: bega likashuka, hatua zikavuta kulia, na kamba ikanyooka.

"Shimo?" Mwalimu akauliza.

"Hapana."

"Basi mbona unaniacha?"

Nikarudi. Hatua nne au tano zilikuwa zimeharibika, tukazitafuta, tukazipata. Mbele kulikuwa na barabara tu. Miaka yote ile nilijijengea picha fulani ya kilomita ya thelathini na moja, sijui nilitarajia nini, na kilichokuwepo ni mama mmoja anauza ndizi kwenye toroli, kanisa la mabati lenye kwaya inayofanya mazoezi, na mbwa. Nilimtajia Mwalimu vyote, hata mbwa. "Anauma?" "Amelala."

Kilomita ya thelathini na saba misuli ya shavu la mguu ilikaza kama mtu ameifunga waya. Hapo nikanyamaza, na Mwalimu akasikia. Akaanza kuhesabu, kwa sauti ya kuwahesabia watoto wa darasa la kwanza, moja hadi nane na kurudi, na mkono wake ukawa unavuta wangu kwa nguvu kidogo kuliko inavyoruhusiwa, sidhani kama mwamuzi aliona. Mimi nilibaki na kazi ya macho tu. Tuta. Kona kushoto. Watu wengi. Mstari mita hamsini.

Mwongozaji hatakiwi kuvuka kabla ya mkimbiaji wake, hivyo nikajirudisha nyuma nusu hatua na kumwachia. Kazi hiyo niliijua.

Muda wetu ulikuwa 2:58 na sekunde ambazo Mwalimu anazikumbuka na mimi sizikumbuki. Nilimpigia mama. Mbio zile hazikuonyeshwa popote, kwa hiyo hakuwa ameona. "Umetoka?" akauliza. Nikamwambia hapana, nimefika. Akanyamaza. "Basi utakuwa na njaa."

Tatizo lilikuwa kamba. Asubuhi ile niliogopa vidole vyenye jasho, nikafunga fundo kwenye viganja badala ya kuacha vitanzi vilegee, na saa tatu za jasho na maji zilikuwa zimelikaza fundo hadi likawa kama jiwe. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba. Mwalimu akajaribu kwa meno, akatema murram. Hakuna aliyekuwa na kisu, na Mwalimu alikuwa amebanwa na mkojo tangu kilomita ya ishirini na tano. Tukaenda hivyo hivyo, tumefungwa, kwenye foleni ya vyoo, watu wakitupisha, na mimi nikimwambia: ngazi mbili, mlango unafungukia kwako, sakafu imelowa, chunga.